Jina la Mkwe

Katika kurasa hizi sitataja jina la mtu hata mmoja, wala sifanyi hivyo kwa kuficha. Nimelelewa na mwanamke ambaye hakuwahi kulitamka jina la baba mkwe wake, na kwa kuwa jina hilo nilirithishwa mimi, hakulitamka langu pia. Tabia hiyo imeniingia. Hata leo, mwalimu mstaafu niliyejikalia zangu Nyasho, mjini Musoma, na ndevu nyeupe, mtu akiropoka jina la mzee wa watu katikati ya soko natamani kumziba mdomo.

Desturi yenyewe si ngeni kwetu Mugango, kijiji cha kando ya ziwa. Mwanamke akishaolewa, jina la baba wa mumewe halipiti tena mdomoni mwake. Humwita Baba, basi. Ikitokea mtoto wa kiume amepewa jina la yule mzee, mama huyohuyo atambeba mgongoni, atamnyonyesha, atamfuta makamasi, na atamwita Baba. Katika nyumba nyingi mambo huishia hapo. Mama yangu hakuishia hapo, na ndipo taabu zangu zilipoanzia.

Jina letu, la babu na langu, kwa lugha ya nyumbani maana yake ni mvua. Babu alizaliwa inanyesha. Mimi nilizaliwa kiangazi, hakuna hata tone, lakini babu alikuwa ameshafariki na jina lilikuwa linasubiri mtu wa kulibeba. Majina ya kwetu yalikuwa hivyo: ukimwita mtu, unasikia kilichokuwa kinatokea siku anakuja duniani, au siku mwenye jina wa kwanza alipokuja. Wapo wa njaa, wapo wa nzige, wapo waliozaliwa mama zao wakiwa njiani. Jirani yetu mmoja jina lake lilikuwa na maana ya jalala, kwa sababu ndugu zake waliomtangulia walikufa wachanga, na wazazi wakaona huyu wampe jina ambalo kifo hakitalitamani. Aliishi, akazeeka, akawa mzee wa kanisa, bado anaitwa hivyohivyo na hana habari. Siku hizi wajukuu zangu wanapewa majina yaliyookotwa kwenye simu. Nikiuliza maana yake naambiwa, "Ni zuri tu, babu." Haya, sawa.

Mama, basi, hakusema mvua. Kulikwepa neno la lugha ya nyumbani, hilo kila mtu aliona ni haki yake. Lakini yeye alilikwepa hata kwa Kiswahili, lugha ambayo babu mwenyewe alikuwa anaibahatisha. Wanawake wenzake walimtania kwamba hilo la Kiswahili si jina la mkwe, aseme tu, hakuna atakayemshtaki. Yeye aliwajibu kuwa kitu ni kilekile. Akajitungia la kwake: maji ya juu. Maji ya juu yanakuja. Mwaka huu maji ya juu yamechelewa. Mwavuli aliuita kile cha kujifunikia. Kanisani, wimbo ukifika kwenye neno lile alifumba midomo, akalipitisha kwa puani, kisha akaendelea na wenzake kama kawaida.

Nimelifikiria sana jibu lake lile, kwamba kitu ni kilekile. Wengi wetu tunadhani jina ni sauti, ukibadilisha sauti umelikwepa. Kwa mama, jina lilikuwa kitu chenyewe, lile wingu, yale matone kwenye bati, na mzee aliyekuwa anaitwa hivyo. Huwezi kumzunguka mtu kwa kuhamia lugha nyingine. Sikuyaelewa hayo nikiwa mtoto. Nilikua nikidhani maji ya juu ni neno la watu wote.

Nilipoanza shule, mwalimu alituuliza mito inapata wapi maji yake. Nilinyoosha mkono nikajibu kwa kujiamini kabisa, "Kwenye maji ya juu." Darasa lilicheka. Mwalimu akadhani nazungumzia mbinguni, akaisifu imani yangu na kunikosoa jiografia. Nadhani ni kwa ajili ya aibu ile nikaja kulifundisha somo hilohilo maisha yangu yote, kwanza Bunda, kisha Musoma. Kila mwaka nilianza na majina ya mahali. Niliwaambia wanafunzi wazee wanasema Musoma ni neno la Kikwaya la nchi kavu iliyojichomeka majini, kisha nikawatuma wakaulize nyumbani kijiji chao kilipataje jina hilo. Walirudi na hadithi tatu tatu zinazopingana, na hapo ndipo somo lilipokuwa tamu.

Kuitwa Baba na mama yako mzazi kuna raha zake, nisiwe mwongo. Mama hakunichapa. Angemchapaje mkwe wake? Nikikosea alimgeukia dada yangu mdogo na kusema, "Mwambie baba yako mbuzi wameingia kwenye muhogo," nami nimesimama palepale nasikia kila neno. Dada yangu, ambaye jina lake lilitoka upande wa mama na kwa hiyo hakuwa mkwe wa mtu yeyote, alichapwa kwa makosa yake na kwa sehemu nzuri ya makosa yangu. Mpaka leo ananikumbusha kila tukikaa kula samaki, maana kichwa cha sato nacho kilikuwa haki yangu.

Ila mtoto anataka jina lake. Jioni niliwasikia mama za wenzangu wakiwaita watoto kutoka ufukweni, majina yakivutwa marefu juu ya maji, na mimi nikawaonea wivu. Baba ni neno la kila mwanamume. Jina langu lilikuwa langu, na mtu niliyetaka kulisikia mdomoni mwake kuliko wote ndiye peke yake asiyelisema. Kliniki mjini, muuguzi alipomuuliza mtoto anaitwa nani, mama alinigeukia, "Baba, waambie." Nikajitaja. Sikuwa najua kufunga vifungo vya shati, lakini jina langu nilijua kulisema kwa sauti, kwa kuwa hiyo ilikuwa kazi yangu.

Siku moja niliamua kumkomoa. Nilijificha nyuma ya kihenge cha mtama nikakataa kuitika. Akaita Baba huku, akaita Baba kule, mimi kimya. Mwishowe alikuja akakaa chini upande wa pili wa kihenge.

"Baba, najuaga upo hapo," alisema. "Chakula kinapoa."

"Niite jina langu."



"Hilo siwezi."

"Kwa nini?"

"Naliheshimu."

Nililiona ni jibu la watu wazima, la kumnyamazisha mtoto. Nilijiambia anaogopa tu. Anamwogopa mzee aliyekwisha kufa, anaogopa mashangazi, anaogopa watu watasemaje. Nikatoka, nikala, na wazo hilo likabaki nami hadi nikawa mtu mzima.

Nilioa Bunda. Kwenye sherehe, mshereheshaji, ambaye hakujua ya kwetu, alimpa mama kipaza sauti na kumwomba amwite mwanawe kwa jina na kumkaribisha nyumbani na mkewe. Nilimtazama mama, nikawaza kwamba leo hana pa kukimbilia. Mama akasogeza kipaza sauti karibu na midomo, akasema, "Baba, karibu nyumbani na mwenzako." Watu wa kwetu walipiga vigelegele. Watu wa upande wa mke wangu walidhani furaha imemchanganya mama wa watu. Nilicheka na wenzangu, lakini iliniuma, bwana harusi mzima na suti yake.

Miaka ilipita hivyo. Baba yetu alifariki. Dada yangu, baada ya kufiwa na mumewe, alirudi Mugango akakaa na mama, akawa anauza dagaa. Mimi nikawa nakwenda kila Jumapili nikitoka kanisani.

Ilikuwa moja ya Jumapili hizo, mchana, dagaa wameanikwa uani kwenye nyavu za zamani, jua kali. Wingu likaanza kupanda upande wa ziwani. Mama alikuwa kivulini anachambua maharage. Akainua uso, akasema, "Mvua hiyo inakuja. Anueni dagaa."

Alisema hivyo tu, kama ambavyo mtu yeyote angesema, kisha akarudi kwenye maharage yake. Mimi nilibaki nimesimama na beseni mkononi. Nilifurahi, siwezi kukataa. Nikawaza kwamba uzee umemlegeza, ameona hakuna tena wa kumwogopa. Na kama neno limetoka, jina nalo haliko mbali.

Dada yangu hakufurahi. Alikiweka chini kikapu, akamtazama mama, kisha akanitazama mimi.

"Kaka," alisema, "mama anaumwa."

Nikamwambia aache uchuro.

Hata hivyo tulimpeleka hospitali mjini. Daktari, kijana mpole, alimuuliza mama leo ni siku gani, hapa ni wapi, ana watoto wangapi. Mama alijibu yote, naye akamuuliza daktari kama ameoa. Daktari akatugeukia, akataka kujua sisi tumeona dalili gani.

"Amesema mvua," dada yangu alijibu.

Daktari alingoja aendelee. Ikabidi nimweleze, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia mjinga, mwalimu mzima kuleta mgonjwa kwa sababu ametaja hali ya hewa. Hakucheka. Alisema magonjwa ya kusahau huanza kwa namna nyingi, kila nyumba ina ya kwake, na akatutaka tumrudishe baada ya muda. Tulipomrudisha hakukuwa tena na haja ya kueleza.

Mama alisahau kwa kurudi nyuma. Wajukuu walitoka kwanza, kisha sisi watoto, kisha baba yetu. Akawa msichana wa kwao, upande wa Butiama, kabla hajaletwa huku ziwani. Akaanza kuzungumza lugha ya kwao, ambayo kwetu hakuitumia ila akijikwaa kidole. Alituuliza, kwa adabu, ni lini atarudishwa nyumbani, kwa maana mama yake atakuwa anamtafuta. Siku moja tulimpeleka kweli. Tulidhani akiviona vile vilima na yale mawe makubwa ya Butiama roho yake itatulia. Aliyatazama mawe kwa muda, akasema ni mazuri, akauliza ni lini atarudishwa nyumbani.

Ni katika siku hizo ndipo alipolitamka jina langu. Nilikuwa nimefika na mkate, nikaketi karibu yake. Alinitazama kama mgeni, akaniuliza naitwa nani. Nikamwambia. "Ah," alisema, akalirudia, kwa lafudhi ya kwao, mwisho wake akiuvuta kidogo. Kisha akaniita kwa jina hilohilo, akaniomba nimsogezee kikombe cha chai.

Nilimsogezea kikombe. Nilikuwa nimelingoja jina lile tangu nyuma ya kihenge, na sasa lilikuwa limetoka, na halikuwa na kitu ndani yake. Msichana wa Butiama alikuwa ametaja jina la mwanamume asiyemjua. Nilitoka nikaenda nyuma ya nyumba, nikalia kwa hasira.

Lakini tamaa ni kitu kibaya. Jumapili iliyofuata nilijitambulisha tena ili aniite tena, na nyingine nikafanya vilevile. Nilikuwa natafuta ndani ya sauti ile yule mwanamke aliyeniita Baba, niisikie mara moja sauti yake yeye ikisema jina langu, basi. Mama alikuwa anachoka kuulizwa. Mara nyingine alianza kulialia, akidhani nimekuja kumhoji kwa sababu amekosea jambo.

Dada yangu alinivumilia, kisha siku moja akasema, anaosha vyombo, hakugeuka hata, "Kaka, unamchoshaga mama. Kama unataka jina, mimi nitakuita kuanzia asubuhi mpaka jioni. Kama unamtaka mama, kaa naye tu."

Nilikasirika, kwa sababu alikuwa na haki. Nikaacha. Nikawa nakwenda, nakaa, namenya naye karanga, naulizwa mimi ni nani, najibu kwamba ni mtu wa hapahapa. Siku nyingine tulikaa mpaka jua linapungua na hakuna aliyesema neno, na nilikuja kugundua kwamba siku hizo ndizo nilizorudi Nyasho moyo ukiwa mwepesi.

Mwezi huu tulikuwa tumekaa hivyo kibarazani, bakuli la karanga katikati yetu. Mwendesha bodaboda aliyenileta alikuwa amerudi kunichukua. Akasimamisha pikipiki barabarani, akaniita kwa jina langu, kwa sauti ya kupasua anga kama kawaida yao.

Mama alishtuka. Aliweka kiganja mdomoni, akavuta kanga akajifunika mabega, akatazama upande ule ilipokuwa nyumba ya babu. Nyumba yenyewe ilibomoka zamani, siku hizi pana migomba.

"Mwambie asiliite kwa sauti hivyo," alininong'oneza. "Mkwe wangu amepumzika."

Nikaelewa kwamba leo si msichana wa Butiama. Leo ameshaolewa, ameshafika Mugango. Nilimpungia mkono mwenye bodaboda asubiri. Nikamuuliza mama lile swali nililokuwa nalo tangu utoto, ambalo nilidhani jibu lake nalijua.

"Unamwogopa sana huyo mkwe wako?"

Alinitazama kana kwamba nimemtukania mtu wake.

"Nimwogope kwa nini? Wewe humjui huyo mzee." Alitazama tena kwenye migomba, akashusha sauti. "Mimi sijapata mtoto. Nimekaa hapa miaka, mtoto hakuna. Mume wangu ananyamazaga tu. Mashangazi zake wakaja, wakaniambia nifunge vitu vyangu nirudi kwetu, waoe mwingine. Nikafunga. Nilipotoka na mzigo nikamkuta mzee amekaa mlangoni. Hakunipisha. Akawaambia, huyu ni mtoto wangu, azae asizae haendi mahali. Akakaa palepale mlangoni mpaka wakaondoka wenyewe."

Hakuna aliyewahi kuniambia habari hiyo. Mimi ni mtoto wa kwanza, na siku zote nilidhani nilikuja upesi, kama watoto wa kwanza wanavyokuja katika nyumba za watu. Sikujua kwamba kulikuwa na miaka kabla yangu, wala kwamba mama aliwahi kusimama pale na mzigo kichwani. Dada yangu alikuwa amesimama mlangoni kwa ndani, mkono umeshika pazia. Niliona usoni mwake kwamba yeye pia alikuwa hajui.

"Nikijaliwa wa kiume," mama alisema, "nitampa jina lake. Na sitalisema. Jina la mtu kama yule utalisemaje, uite nalo mtoto aje ale, ufukuze nalo kuku? Nitamwitaga Baba. Kila siku nitamwita Baba."

Akachukua karanga moja, akaishika bila kuimenya. Kitu fulani kilikuwa kinamsumbua.

"Ila mtoto ataona vibaya," alisema. "Wenzake wataitwa na mama zao, yeye haitwi. Unafikiri atanichukia?"

Nilimshika mkono, uliokuwa na vumbi jekundu la maganda.

"Hatakuchukia," nilimwambia. "Atasumbua kidogo, lakini ataitika."

"Una hakika?"

"Nina hakika, mama. Namfahamu."